Farasi wa Mdogo Wampita Mkubwa

Kabla hamjanihukumu, kumbukeni kwamba niliwaambia tangu mwanzo: mimi si mtu mbaya. Mimi ni fundi tu.

Kwa yule ambaye gazeti la Jumamosi iliyopita lilifungiwa omena kabla hajalisoma, jina langu ni Maurice, mzaliwa wa Karungu, mwenye gereji mjini Migori. Sizibi pancha wala simwagi oili. Kwangu huja magari makubwa ya watu wakubwa, nami huyaongezea nguvu. Nachomeka kompyuta chini ya usukani, nabadilisha akili ya injini, na gari lililoingia likiwa pole linatoka likiwa mhuni.

Nampenda Celestine, mwenye saluni mkabala na gereji yangu. Kaka yake Willis, anayenunua dhahabu kwa wachimbaji wa Macalder, ndiye aliyeniletea ile Mercedes nyeusi. Niliishughulikia mpaka ekzosi yake ikawa inapasuka kama bunduki kila anapoachia mafuta. Kisha baba yao, Mzee Paul, akafariki. Wiki jana mlinisindikiza kutoka mochari ya Homa Bay, nyuma ya jeneza, hadi bomani kwao kabla ya kufika Mbita. Nilikuwa na nia moja tu: ukoo mzima unione mkwe anayefaa, ili matanga yakiisha nipeleke posa.

Tuliachana langoni. Willis alikuwa amechomoka kwenye msafara, akaipita BMW ya kaka yake mkubwa Nicholas, akalipita hata gari la maiti, akaingia bomani wa kwanza huku ekzosi ikilia pa! pa! pa! Akina mama walilala chini. Wale fahali wa tero buru, walioletwa ili wafukuze mauti bomani, walitimua mbio wao wenyewe. Hadi naandika haya, mmoja hajaonekana.

Gari la maiti lilikuwa bado langoni. Mzee Agutu, ndugu wa marehemu na karani wa mahakama mstaafu, alisimama mbele yake akanyoosha mwavuli.

"Hii jeneza haiingii," alisema.

"Jaduong'," pasta alisihi kwa jina la heshima la wazee, "nina maziko mengine Karungu leo."

"Huyo wa Karungu ana haraka ya kwenda wapi?"

Pasta akakaa.

"Willis! Kuja hapa. Wewe ni mtoto wa ngapi kwa hii boma?"

"Wa tatu, Jaduong'."

"Na Nicholas?"

"Wa kwanza."

"Mdogo hapandi mbegu kabla ya mkubwa. Hajengi kabla ya mkubwa. Haoi kabla ya mkubwa. Sasa wewe, baba yako akiwa kwa sanduku, umeingia boma yake kabla ya mkubwa. Tena na kelele. Hiyo inaitwa nini?"

"Chira," walijibu wazee kwa pamoja.

Chira ni ule mkosi unaomwandama anayeruka mila, yeye na kizazi chake. Waliotoka Nairobi, wale ambao kila Krismasi hutuambia kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati, walivua miwani yao ya jua mmoja baada ya mwingine.

"Uncle, si mimi," Willis alijitetea. "Ni gari. Nimegusa mafuta kidogo tu, ikaenda yenyewe."

"Iko na farasi ngapi?" mzee akauliza, maana nguvu ya injini hupimwa kwa farasi.

Willis akanitazama. Celestine akanitazama. Nikatamani kuwa mmoja wa wale fahali.

"Mia sita, Jaduong'," nilisema. "Na kitu."

"Na ya Nicholas?"

Nicholas, meneja wa bima huko Nairobi, alinyoosha tai yake. "Mia tatu."

Mzee Agutu alifumba macho akapiga hesabu. Alipoyafumbua, yalikuwa na machozi ya kweli.

"Mdogo amezidi mkubwa na farasi mia tatu! Ndugu yangu amekufa na punda moja. Moja! Na hajawahi kuikimbiza mbele ya mtu."

Shangazi mmoja alipendekeza kwamba fundi yupo, basi amwongezee Nicholas naye mambo yaishe.

"Mkubwa afuate mdogo?" Mzee Agutu alifoka. "Ale makombo ya Willis?"

Hapo Nicholas alisogea hadi kwenye gari la maiti, akaweka kiganja juu ya jeneza la baba yake.

"Naapa mbele ya mzee," alisema kwa sauti ya mikutano ya bima. "Gari yangu haijawahi kuguswa na hawa mafundi wa kando ya barabara. Iko vile ilitoka kiwanda."

Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga, kwa sababu kiapo juu ya maiti si cha kuchezea, na kiapo kile kilikuwa cha uongo. Nicholas hakujua kwamba ni cha uongo. Waliojua tulikuwa wawili bomani pale, na mwenzangu alikuwa ameinamisha kichwa anatazama viatu vyake.

Hukumu ikatoka. Mercedes irudi kama ilivyozaliwa, pale pale, ndipo marehemu aingie kwake.

Mama Orpah, mjane, alinishika mkono. "Nyathina, mwanangu, utaweza?"

"Mama, hata chai haitapoa."

Nilisema hivyo kwa sauti kubwa ili Celestine asikie. Alisikia, akatabasamu, nami nikatembea kuelekea ile Mercedes kifua mbele. Mungu akitaka kukuaibisha hukupa kwanza nafasi ya kujisifu.

Nilijifungia ndani ya gari nikafungua kompyuta. Fundi mwenye akili, kabla ya kugusa injini ya mtu, huchukua ile programu yake ya asili akaiweka mahali salama. Nami niliiweka. Nilipoiweka nilikuwa na furaha ya mapenzi, nikaipa jina la "Shemeji".

Kisha, Jumapili moja mchana kabla ya mazishi, Celestine aliingia gerejini na BMW ya Nicholas.

"Amelala kwangu, amechoka na safari," aliniambia. "Nimemwambia naenda kuiosha. Maurice, Willis atamwaibisha kaka siku ya mazishi. Namjua. Mwongezee Nicholas kidogo, asiachwe nyuma mbele ya watu. Lakini asijue, akijua atakataa."

Mapenzi ni kikohozi. Nilichukua programu ya asili ya BMW, na kwa furaha ile ile nikaipa jina la "Shemeji". Kompyuta ikaniuliza kama nataka kufuta Shemeji wa kwanza. Nilikuwa namtazama Celestine. Nikabonyeza ndiyo.

Sasa nilikuwa nimeketi ndani ya Mercedes, ukoo mzima ukinitazama kupitia kioo, na programu pekee niliyokuwa nayo ilikuwa ya BMW. Kuitia humo ni kulinyima gari uhai.

Nilimpigia Faruk wa Isebania, anayeniuzia programu.

"Unataka ya asili?" Faruk alicheka. "Kaka, watu wote wananiomba ya kuongeza. Ya kupunguza nani anaweka? Nipe mpaka kesho kutwa niulize watu wa upande wa pili wa mpaka."

"Nina maiti langoni, Faruk!"

"Basi muombee," akasema, akakata simu.

Hapo nikafanya nililofanya. Niliifunga vali ya ekzosi, ile inayofungua koo la gari, nikashuka, nikainama nyuma ya gari nikachomoa waya wake ili isifunguke tena. Nikarudi ndani nikawasha injini. Mercedes ikanguruma pole pole, kwa adabu, mfano wa friji. Farasi wote mia sita walikuwa ndani, wamezibwa midomo tu.

Nikashuka. "Tayari!"

Willis aliingia, akaigeuza gari taratibu ikatazama lango, akagusa mafuta kidogo ikiwa imesimama. Kimya. Akagusa tena. Kimya. Mzee Agutu aliinama akaweka sikio karibu na ekzosi, kisha akanyoosha mgongo.

"Imezaliwa upya," alitangaza.

Vigelegele! Mama Orpah alinikumbatia. Pasta alinipigia saluti. Marion, dada mkubwa wa Celestine, naibu wa mwalimu mkuu ambaye siku zote hunitazama kana kwamba sijafanya homuweki, alitikisa kichwa mara moja kwa kukubali. Nikajiona tayari nimekaa sebuleni kwao nanywa soda ya wakwe.

Lakini Willis hakushuka garini kwa furaha. Aliuacha ufunguo ndani, akaufunga mlango kwa nguvu.

"Mimi nimenyenyekea," alisema. "Nimekubali. Sasa nina swali moja. Pale barabara ya kutoka Homa Bay, nilikanyaga mafuta mpaka mwisho, na bado kupita Nicholas ilikuwa shida. Farasi mia sita na farasi mia tatu, shida inatoka wapi?"

"Dereva mzuri," Nicholas alijibu.

"Omera, ndugu yangu, wewe unaendesha kama mtu amebeba mayai. Wazee, kompyuta ipimwe kwa gari yake pia. Kama ni haki, iwe haki."

Karani mstaafu hawezi kukataa neno haki. Tulitoka nje ya lango wote, tukapita ubavuni mwa gari la maiti hadi kwenye BMW iliyokuwa nyuma yake. Nilichomeka waya. Nilikuwa nimeshaamua kusema kwamba gari ni safi. Nani angejua? Ni mimi tu niliyejua kusoma yale yanayoandikwa mle.

Ila nilisahau ugonjwa wangu. Kila gari ninalolibadilisha huliachia sahihi yangu ndani, kwa herufi kubwa, ili fundi mwingine akifungua ajue nilipita. Willis aliingiza kichwa dirishani akasoma kwa sauti, neno kwa neno:

"IMEONGEZWA NA MAURICE, MFALME WA KASI, MIGORI."

Nikaifunga kompyuta, lakini watu walikuwa wameshasikia.

"Wololo yaye!" Mama Orpah alilia. "Ameapa! Mtoto wangu ameapa uongo juu ya baba yake!"

Nicholas alikuwa amegeuka rangi. Alikitazama kiganja chake, kile alichokiweka juu ya jeneza, kisha kwa kiganja kile kile akanikaba ukosi.

"Nani alikupa gari yangu? Sema! Nani alikupa funguo?"

Nilinyamaza. Nawaambia ukweli, katika hadithi hii yote hilo ndilo jambo la maana nililolifanya, na ninajivunia. Alinitikisa mpaka kifungo cha shati kikaruka, nami sikumtaja.

"Ni mimi."

Celestine alikuwa amesimama kando ya mlango wa BMW.

"Nicholas hakujua chochote, Jaduong'. Nilimchukulia gari akiwa amelala. Chira ikitafuta mtu, ije kwangu. Nilitaka tu kaka yangu asichekwe siku ya kumzika baba."

Nicholas akaniachia. Akamtazama dada yake, midomo ikimcheza. Hata Willis alitazama pembeni.

Mzee Agutu alikunja uso. "Na huyu fundi, akakubali tu? Gari ya mtu mkubwa hivi? Huyu ni nani kwako, Celestine?"

"Ni mtu wangu," Celestine alisema. "Tunataka kuoana."

Enyi wasomaji! Mbele ya ukoo wote, mbele ya pasta na jeneza, aliyasema. Kama ningekuwa na akili ningekufa pale pale, nizikwe pamoja na Mzee Paul nikiwa mtu mwenye furaha kuliko wote kando ya ziwa.

Badala yake nilibaki hai, nikamwona Mzee Agutu akianza kuhesabu vidole.

"Nicholas, wa kwanza. Marion, wa pili. Willis. Celestine." Akasimama kwenye kidole cha mwisho. "Marion ameolewa?"

Marion mwenyewe, aliyekuwa amemshikia mama yake mwavuli wa jua, alisema kwa sauti ya darasani: "Bado, Jaduong'."

"Basi tumefika wapi? Si tumerudi kule kule? Mdogo tena anapita mkubwa kwa lango!"

Wazee walijitenga wakaunda duara. Niliwaona wakinielekezea vidole, mara mimi, mara jeneza, mara Marion. Pasta alitazama saa. Jua lilikuwa limeshaanza kuegemea upande wa Rusinga, na marehemu alikuwa bado nje ya lango lake.

Walirudi wakiwa na nyuso za watu waliosuluhisha vita.

"Fundi," Mzee Agutu alisema kwa upole, na upole wake ulinitisha kuliko ukali. "Sisi tumekuona. Wewe si mtu mbaya. Umerudisha gari ya Willis vile ilizaliwa, wote tumesikia. Umenyamaza wakati Nicholas amekukaba. Mtu kama wewe boma hii inataka. Lakini kila kitu ifuate mstari. Utaanza na Marion."

"Nitaanza na Marion kufanya nini?"

"Kuoa."

"Mimi niko hapa," pasta alidakia. "Na Biblia niko nayo."

Nawaomba mnielewe. Nilitakiwa kusema hapana. Neno lenyewe ni fupi. Lakini nilimtazama Mama Orpah, aliyekuwa amefumba mikono ananiomba. Nilimtazama Nicholas, Willis, wazee, watu wote wale waliokuwa wamechoka na wenye njaa, wakinisubiri nifungue lango ili wazike, wale chakula, waende kwao. Na nikamtazama Marion. Sijui kwa nini nilimtazama. Alikuwa amevua miwani anaifuta kwa leso, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikaona kwamba anaweza kutabasamu.

Nilichelewa kidogo tu kulitoa lile neno.

Nilipogeuka kumtazama Celestine, alikuwa ameshaona. Hakulia. Alinitazama kama mteja anavyolitazama gari aliloambiwa halijawahi kupata ajali, kisha akaiona rangi mpya chini ya mlango.

"Sawa," alisema. "Oeni."

Akapita ubavuni mwa gari la maiti, akaingia bomani peke yake. Nilimwita. Hakugeuka. Nilidhani anaenda kulia jikoni kwa mama yake.

Alifungua mlango wa Mercedes.

"Mwacheni apande," Mzee Agutu alisema, akimzuia Willis aliyetaka kumkimbilia. "Apunguze hasira. Hiyo gari sasa ni kondoo. Si mumesikia?"

Celestine hajawahi kuendesha Mercedes ile. Anaendesha Vitz ya saluni, na Vitz yake ni nzito kuanza, mpaka ukanyage mafuta hadi sakafuni ndipo isogee. Nilimwona kupitia kioo akifuta machozi kwa nyuma ya mkono. Nikasikia injini ikiwaka, pole pole, kwa adabu.

Gari lilikuwa limegeuzwa, linatazama lango. Langoni palikuwa na jeneza la baba yake, na nyuma ya jeneza tulikuwa sisi sote, ukoo mzima, tumesimama bila wasiwasi wowote.

Nikisema, wote watajua kwamba niliwadanganya mbele ya maiti, na hapo hakuna Celestine, hakuna Marion, hakuna hata Migori ya kurudi. Nisiposema, gari litalivamia jeneza na sisi nyuma yake, kwa kuwa ni mtu mmoja tu katika boma lile aliyejua kwamba farasi mia sita bado wamo ndani.

Mguu wa Celestine ukashuka juu ya mafuta, kwa nguvu zote za Vitz, nami nikafungua mdomo.